Matofali Yasiyoonja Moto

Mariam Poni aliingia ofisini kwetu Arua asubuhi ya Jumanne, Februari 1994, akiwa amefunga kitu kizito ndani ya kitenge. Alikitua juu ya meza yangu, akafungua fundo. Lilikuwa tofali la kuchoma, jekundu, kingo zake zimenyooka hata ungeweza kupigia mstari.

"Hii nimechoma mimi mwenyewe," alisema. "Nataka karatasi ya kutengeneza nyumba yangu kule Koboko. Nyumba itakuwa ya hii tofali."

Mimi nilikuwa karani tu. Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya ujenzi, kupiga chapa barua, na kufuatana na Bwana Andama, mkaguzi wa majengo, alipokwenda kutazama kuta za watu. Niliandika jina la yule mama, nikampeleka kwa mkubwa wangu.

Andama alilichukua tofali, akaligonga kwa funguo zake. Likalia kama chuma. Akalitazama kwa muda, kisha akamrudishia mwenyewe.

"Mama, sijaona tofali zuri kama hili mwaka huu," alisema. "Lakini siwezi kulipitisha."

Mwaka ule kulikuwa na masharti mapya. Mradi mmoja ulikuwa ukiwapa mabati na saruji watu waliorudi kutoka uhamishoni, na ofisi yetu ilikubali kusimamia masharti yake. Anayejenga au kukarabati nyumba chini ya mradi asitumie matofali yaliyochomwa kwa kuni. Juu ya milango na madirisha asiweke boriti za miti mikubwa. Kila chumba kipate hewa pande mbili, maji ya paa yaingie kwenye tangi, na kuta za zamani zilizo imara zisibomolewe. Sababu ilionekana na yeyote aliyepanda lori kutoka Arua hadi Koboko: vilima vilikuwa vipara. Matanuru ya matofali na mabanda ya kukaushia tumbaku yalikuwa yamekula miti mpaka kwenye mito.

Mariam alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja. "Tofali bila moto iko kitu gani? Si matope tu?"

"Nenda Kuluva," Andama akamjibu. "Kuna kituo cha mafunzo pale, na fundi anaitwa Angelo. Muulize yeye."

Alitoka bila kuaga. Tofali aliliacha mezani kwangu, nami nilikaa nalo miezi mingi nikizuilia karatasi zisipeperuke.

Baadaye, tulipozoeana, ndipo nilipoelewa kwa nini aliudhika vile. Mumewe, Loku, alikuwa dereva jeshini. Nyumba yao ya vyumba vinne ilikuwa kando ya barabara iendayo mpakani. Vita vilipogeuka mwaka 1979 na jeshi lao kushindwa, Loku alikuwa mbali kusini na gari lake. Hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyemwambia Mariam mumewe alianguka wapi. Yeye alimshika mkono binti yao Aminah, mtoto wa miaka sita, wakatembea mpaka Sudan.

Huko upande wa Yei alianza kwa kuwabebea maji wafyatua matofali. Mwaka uliofuata akafyatua mwenyewe. Mwaka wa tatu wakamwachia tanuru, kwa sababu iligundulika kwamba aliweza kutazama rangi ya moshi tu akasema matofali ya katikati yameiva au bado. Aliporudi Koboko mwaka 1987 alikuta nyumba haina paa, haina milango, na imebaki na kuta mbili. Akajenga kibanda cha nyasi uani. Kwa miaka saba alifyatua na kuchoma matofali ya watu wengine kando ya kijito, yeye na shemeji yake Sule, mdogo wake Loku. Nusu ya nyumba zilizoinuka tena Koboko zilikuwa zimepita mikononi mwao. Sasa zamu yake ilikuwa imefika, na kijana mmoja mwenye tai anamwambia tofali lake halifai.

Alikwenda Kuluva, aliniambia, ili amwaibishe huyo Angelo mbele ya watu.

Angelo alikuwa mtu mfupi wa Ayivu, kando ya Arua, mpole, asiyemaliza sentensi zake. Hakubishana naye. Alimpa chupa tupu ya glasi, akamwambia atie udongo mpaka nusu, ajaze maji, atikise, aiweke chini.

"Sasa?" Mariam akauliza.

"Tungoje."

Walingoja. Kokoto ndogo zilishuka kwanza, zikalala chini. Juu yake mchanga ukajipanga mstari wake. Kisha likaja tope laini, na mwisho kabisa, baada ya muda mrefu, udongo wa mfinyanzi ukatua juu ya vyote, mwembamba kama utando wa maziwa. Mistari minne, kila mmoja na rangi yake, imenyooka kana kwamba imepigwa na fundi. Mariam aliinama mpaka pua ikagusa glasi.

"Nimekanyaga udongo miaka yote hiyo," aliniambia. "Sikujua iko na watu wane ndani yake, na kila mutu anajua mahali pake."

Kisha Angelo akamwonyesha mashine. Ilikuwa sanduku la chuma lenye mpini mrefu. Unatia udongo wenye saruji kidogo sana, ndoo moja ya saruji kwa ndoo kumi na nne za udongo, unafunika, na watu wawili wananing'inia kwenye mpini. Ukifungua, tofali linapanda juu lenyewe, zito, laini kama sabuni. Hakukuwa na moto mahali popote. Matofali yalipangwa kivulini, yakafunikwa kwa majani ya migomba, na kila asubuhi yakanyunyiziwa maji.

"Unanyunyizia maji tofali mbichi?" Mariam alishangaa. Kwake yeye, mvua moja juu ya tofali bichi ilikuwa kazi ya wiki imepotea.

"Ile saruji inakunywa. Ikikauka haraka inakufa," Angelo akasema. "Mwezi mmoja hivi, halafu..."

Hakumwamini. Aliomba tofali moja lililokwisha kutimiza mwezi, akalifunga kamba ya mkonge, akalizamisha kijitoni chini ya kituo, akalikandamiza kwa mawe. Siku saba alikaa Kuluva, na kila asubuhi alikwenda kutazama kama kamba bado imekaza. Siku ya nane alilitoa. Alitarajia ujiuji. Alitoa tofali. Akalikwaruza kwa msumari, msumari ukateleza. Akaliangusha kwenye jiwe, likaondoka kipande kidogo cha pembe tu.

Alikaa ukingoni amelipakata. Alianza kuhesabu, akaniambia, miti. Tanuru moja lilikula mizigo mingapi, na kwa mwaka alichoma matanuru mangapi, kutoka Yei mpaka Koboko. Alikumbuka mvule mmoja uliokatwa mwaka 1989, ambao watu watatu hawakuweza kuukumbatia wakakutana mikono; uliwaka siku tatu. Alipofika hapo akaacha kuhesabu. Hakulia. Alisema alishikwa na woga, aina ya woga unaokupata ukiwa umesimama chini ya kitu kikubwa ambacho hukujua kipo. Angelo alimkuta pale, akakaa kando yake.

Mariam alibaki Kuluva wiki nne zaidi. Aliondoka akiwa amejifunza kushindilia, kupanga, na kitu kimoja ambacho hakuna fundi wa Koboko aliyewahi kukifanya: kujenga tao, yaani kuvusha ukuta juu ya mlango kwa matofali matupu, bila boriti wala nondo.

Mradi ulimwazima mashine. Ikaja Koboko juu ya lori la mahindi, yeye ameikalia.

Koboko haikumpokea vizuri. Udongo wa kijitoni, ule ule uliokuwa mzuri kwa kuchoma, ulipasuka. Matofali mia mbili ya kwanza yaligawanyika katikati kabla hata ya wiki kwisha. Sule alikuja, akaokota kipande, akakimega kwa vidole.

"Shemeji, hii iko mkate," alisema. "Lete chai."

Mariam alimtuma Aminah, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na moja, akusanye chupa tupu kwenye maduka yote. Kisha mama na binti wakazunguka na jembe: shambani kwa muhogo, njiani, kwenye kichuguu, nyuma ya msikiti, kila mahali walipokubaliwa kuchimba. Nilipokwenda kule mwezi wa sita na barua ya Andama, nilikuta chupa kumi na tisa zimepangwa juu ya ukuta wa zamani, jua limepita ndani yake, na katika kila chupa ardhi ya Koboko imejipanga kwa namna yake. Watu walisimama barabarani kutazama. Mzee mmoja alivua viatu ili asogee karibu. Nami nilisimama. Nimezaliwa wilaya hiyo, na sikuwa nimewahi kuiona.

Chupa ya kumi na saba ndiyo ilikuwa na mistari iliyotakiwa. Udongo wake ulitoka kwenye handaki.

Nyuma ya nyumba palikuwa na handaki lililochimbwa na askari wakati wa mapigano. Hakuna aliyekwenda pale. Mbuzi akiingia, mwenyewe alimwita kwa mbali. Lakini askari wale walikuwa wamechimba kwenda chini sana, wakafikia udongo mwekundu wenye changarawe ambao jembe la mkulima haliufikii. Mariam alikwenda kambini, akaomba watu wa kuangalia kama kuna mabomu. Walikuja askari wawili na vyuma vyao vya kupimia, wakapita kila shubiri kwa asubuhi nzima, wakasema hakuna hatari. Ndipo akashuka. Maganda ya risasi aliyoyakuta aliyatia ndani ya kopo, akawapelekea kambini, akarudi kuchimba.

Matofali ya udongo ule hayakupasuka hata moja.

Mpini ulihitaji watu wawili wenye uzito, na Mariam na Aminah walikuwa wembamba wote wawili. Sule alivumilia siku tatu kuwatazama kutoka ng'ambo ya barabara. Siku ya nne alivuka, akavua shati.

"Siwezi kuona mke wa ndugu yangu ananing'inia kwenye chuma kama popo," alisema. "Lakini kuchoma siachi. Usiniambie niache."

"Sijasema kitu," Mariam akamjibu. "Vuta."

Nyumba ilipanda Agosti na Septemba. Kuta mbili za zamani zilibaki kama masharti yalivyotaka, mpya zikaungana nazo. Kila chumba kilipata madirisha pande mbili, ya tao dogo. Chini ya mabati waliweka dari ya mikeka ya mafunjo, na pembeni tangi la mviringo la matofali yale yale, limepakwa saruji kwa ndani. Mwishoni mwa Oktoba vyumba vyote vilikuwa na paa. Kilichobaki kilikuwa tao la mbele, la baraza, lenye upana wa mita tatu. Mafundi wanne wa Koboko walilijenga juu ya fremu ya mbao iliyopindwa kama mgongo wa kobe, Mariam akisimamia kila tofali. Lilipokamilika, hakuna aliyetaka kutoa fremu.

Tulifika mimi na Andama siku ya ukaguzi tukakuta hali hiyo. Andama alizunguka nyumba, akagonga kuta, akapima madirisha, akaandika. Kwenye ukuta wa zamani wa magharibi alisimama. Matundu ya risasi yalikuwa wazi, hayakuzibwa.

"Hapa mbona hukupiga plasta, mama?"

"Kuna ndege ndani. Wametaga," Mariam akasema. "Ngoja watoto waruke."

Andama hakuandika hilo. Alirudi mbele, akatazama tao.

"Siwezi kutia sahihi fremu ikiwa chini yake," alisema. "Nitajuaje kama ni tao linalosimama au ni mbao?"

"Basi tunatoa."

Mafundi walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alisema, "Mama Aminah, hapo juu iko kama tani mbili. Hakuna chuma ndani. Mimi niko na watoto." Akaondoka akasimama barabarani, wenzake wakamfuata. Watu walikwisha jaa pale, maana habari ya tao ilikuwa imeenea sokoni. Sule alibaki, lakini kwa umbali.

Mariam alichukua nyundo. Fremu ilikuwa imekalia kabari za mbao, tatu kila upande. Alipiga ya kwanza, ikatoka. Ya pili. Alivuka upande wa pili akapita chini ya tao lenyewe, na nikamsikia Aminah akivuta pumzi. Ya tatu, ya nne, ya tano. Alipopiga ya sita, fremu ilishuka kwa mara moja, shubiri nzima, kwa kishindo kilichotufanya wote turuke.

Tao likabaki juu.

Lilitoa sauti ndogo, ya kusagana, kama ya mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Kisha kimya. Kati ya mbao na matofali palikuwa na nafasi, na mwanga ulipita katika nafasi ile kutoka mwisho hadi mwisho, mstari mweupe uliopinda. Hakuna kitu kilichokuwa chini ya yale matofali ila hewa. Nimeona madaraja makubwa baada ya hapo, na majumba ya Kampala. Sijaona kitu kilichonyamazisha watu namna ile. Gari lilipita barabarani na hakuna aliyegeuka.

Mariam aliegemeza ngazi, akapanda, akasimama kileleni pa tao kwa miguu mitupu. Aminah alifunika uso. Juu, mama yake alipiga kisigino mara mbili, kama mtu anayejaribu sakafu.

"Sule," aliita. "Njoo."

"Shemeji, nani anaishika?"

"Hakuna mutu. Kila tofali inasukuma jirani yake, jirani inakataa. Ndiyo hiyo tu. Njoo."

Sule alipanda, polepole, akitubu dhambi zake kwa sauti. Alipofika juu alikaa, kisha akasimama. Halafu mafundi wakarudi kutoka barabarani mmoja mmoja, na mwisho walikuwa watu sita juu ya matofali ya udongo, wakicheka kwa sauti za chini kana kwamba wako msikitini. Andama alikuwa amevua kofia. Sidhani alijua kwamba ameivua.

Alitia sahihi pale pale, karatasi ikiwa juu ya mgongo wangu. Lakini hakutaka kuondoka. Alitoa mfukoni kipimajoto chake, akawaonyesha watu nje barazani: nyuzi thelathini na nne. Akaingia nacho ndani, umati ukimfuata, na tukausubiri ule mstari mwembamba wa zebaki. Ulishuka mbele ya macho yetu, thelathini, ishirini na nane, ukasimama ishirini na tano. Watu walikipokezana. Bibi mmoja jirani alikataa kukitazama. Alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho. "Hii nyumba inapumua," alisema, na mwanawe alipokuja kumchukua jioni alimkuta bado amekaa.

Sitasema Koboko iliacha kuchoma matofali. Sule mwenyewe hakuacha. Aliniambia mikono yake ilikuwa mizee kwa mambo mapya, ingawa mikono hiyo hiyo ilimvutia Mariam mpini kila alipoitwa. Lakini Mariam hakuwasha tanuru tena. Mwaka 1995 alijenga nyumba tatu kwa masharti yale, mwaka uliofuata tano na zahanati ndogo. Wanawake watatu walijifunza kwake. Alikuwa mkali nao. Tofali likikaa vibaya, alilibomoa kwa mguu.

Mara ya mwisho nilimwona kazini mwaka 1998, huku kwetu, Pajulu. Mwalimu Driciru alikuwa amemwomba nyumba ya ghorofa moja, na Mariam, aliyekuwa na miaka hamsini na kitu, hakuwahi kujenga ngazi maishani mwake. Aliijenga juu ya nusu tao, inayopanda kutoka sakafuni mpaka juu bila nguzo. Nilipita na baiskeli kumsalimu. Aliniita nipande.

Nilimkuta amesimama juu ya sakafu isiyo na kuta bado, mwiko mkononi, ameshika kiuno. Mvua ilikuwa imeosha hewa. Mashariki Mlima Wati ulikuwa wazi wote, mpaka mikunjo yake. Kati yetu na mlima palikuwa na mashamba ya mtama, nyumba za nyasi, mabati yanayometa, barabara nyekundu zikipishana, na huku na huku viraka vya miti michanga. Kaskazini, mbali sana, palikuwa na kitu cha buluu. Yeye alisema ni Liru, mlima wa kwao. Mimi sikuwa na uhakika.

"Karani," alisema. "Nimepita hii nchi kwa miguu, kwenda na kurudi. Nikiwa chini, niliona mgongo wa mutu wa mbele tu."

Alipanua mikono yake yenye saruji kavu mpaka viwikoni, kama mtu anayepima upana wa kitu, akagundua kwamba haitoshi, akacheka.

"Sasa angalia," alisema. "Angalia vile iko kubwa."